Nabalayo Alivyoijaza Shule ya Kwa Mashavu

Katika shamba la pareto la Kwa Mashavu, juu ya Njoro ukielekea Elburgon, hakuna mzazi aliyeipiga vita shule kama Nabalayo. Mwalimu Omolo alipokwenda mara ya kwanza kumwomba amwandikishe binti yake Nekesa, alimkuta akimenya viazi. Nabalayo akamjibu bila kuinua macho kwamba pareto haichumwi kwa kalamu. Mara ya pili alimwambia Nekesa ni mgonjwa, anatapika tangu jana, na Nekesa mwenyewe akapita hapo nyuma yake akiimba, debe la maji kichwani. Mara ya tatu hakufungua mlango.

Kilichombadili hakikuwa hotuba ya mtu. Mume wake, Wanyama, alikuwa amekwenda kufanya kazi Tororo, upande wa Uganda, na kila baada ya miezi miwili mitatu alituma barua. Nabalayo hakujua kusoma. Barua alisomewa na karani wa ghala la pareto, mtu mwenye sauti ya kanisani, ambaye aliona ni uchoyo kusoma kwa sauti ya chini wakati watu arobaini wamesimama pale na vikapu vyao. Hivyo shamba zima lilijua kwamba Wanyama hatarudi Krismasi, kwamba jino linamsumbua, na kwamba kuna mama mmoja huko anayempikia "kwa huruma tu." Siku ya barua hiyo ya huruma, Nabalayo alitoka ghalani akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mwalimu, kikapu kikiwa bado mgongoni.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto atajua kusoma baada ya muda gani?"

"Akitia bidii, mwaka mmoja na nusu."

"Basi mfundishe. Lakini umfundishe kusoma kimyakimya."

Ndivyo Nekesa alivyoanza shule akiwa na miaka tisa. Na mama yake, kama wengi wanaookoka wakiwa watu wazima, akawa mkali kuliko waliozaliwa ndani ya imani. Mzazi aliyemzuia mtoto nyumbani kwa sababu ya ndama au ya kulea alisemwa mpaka akaona haya. Mwaka wa 1957 Nekesa alikuwa darasa la nne, na mwisho wa mwaka walikuwa wakisubiri ule mtihani unaochuja wanaokwenda shule ya kati na wanaorudi mashambani. Watoto wa darasa hilo walikuwa tisa. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabanzi, paa la mabati, madirisha mawili, na mwalimu mmoja wa madarasa yote manne.

Ndipo ikaja homa.

Ilisikika kwenye redio ya mzungu wa shamba, ambaye watu walimwita Mashavu, kabla ya kusikika vifuani mwa watu. Nyapara Kiprugut, ambaye kila asubuhi alisimama kwenye baraza ya Mashavu kupokea amri za siku, alirudi na habari kwamba ugonjwa wa mafua umezunguka dunia nzima na sasa umeshuka melini Mombasa. Kambini, kwenye makazi ya wafanyakazi, wakauita homa ya redio, na kwa wiki mbili waliamini ni wenye redio tu watakaoupata. Wiki ya tatu ukaingia kambini bila kubisha hodi. Watoto waliungua mwili siku tatu nne, wakakohoa, kisha wakaamka miguu ikiwa laini kama uji. Mzee mmoja mchunga mbuzi alikufa, lakini alikuwa akisema atakufa tangu mwaka wa nzige, kwa hiyo watu hawakujua kama wailaumu homa au waheshimu ahadi yake. Shuleni, kati ya watoto arobaini na sita, walibaki kumi na saba. Kisha Mwalimu Omolo naye akaanguka.

Jumatatu ya wiki hiyo, saa sita, wanawake walikuwa wameketi kando ya pareto wakila viazi baridi. Kiprugut akaja, akasimama mbele ya Nabalayo.

"Mama Nekesa, shule yenu inafungwa."

"Nani amesema?"

"Mashavu alikuwa anamsomea memsahibu barua. Nimesikia 'skul'. Nimesikia 'klozi'. Halafu nimesikia 'haf'. Haf ni nusu. Alhamisi afisa wa afya anakuja kuhesabu watoto. Akikuta hata nusu hawafiki, anafunga mpaka mwaka ujao."

"Hiyo ya mwaka ujao pia umeisikia?"

Kiprugut alifikiri kidogo. "Hiyo nimeongeza mwenyewe. Lakini fikiria, mama. Watoto wakishaingia kwa pareto wakati wa mavuno, Mashavu atawarudisha shule kwa sababu gani?"

Mwaka uliotangulia wasichana wawili walitolewa shuleni wiki tatu wasaidie kuchuma, na kabla ya wiki hizo kwisha mmoja alikuwa ameolewa Kuresoi na mwingine alikuwa akilea mapacha wa dada yake Molo. Nabalayo aliwafahamu wote wawili. Mmoja aliketi benchi moja na Nekesa.

"Wakifunga wafunge," alisema Chepkosgei, jirani yake, ambaye hakuwa na mtoto hata mmoja shuleni. "Mtoto ana mikono. Pareto haichumwi na kalamu."

Nabalayo aliyatambua maneno hayo, akainama akaendelea kumenya kiazi chake.

Mtu mwingine angeitisha mkutano wa wazazi. Lakini ilikuwa bado Hali ya Hatari, na mkutano ulihitaji kibali cha D.O., afisa wa wilaya, kutoka mjini, nacho kilitembea polepole kuliko homa. Basi Jumanne na Jumatano, alipomaliza kupima pareto yake, Nabalayo alipita nyumba kwa nyumba. Akiulizwa anafanya nini, alisema anawasalimu wagonjwa. Wagonjwa aliwasalimu kweli. Mtoto aliyekohoa aliambiwa alale, maana Nabalayo hakuwa mtu wa kuhatarisha mtoto wa mwenzake kwa ajili ya kujaza benchi. Wazima ndio aliowataka, na wazima wengi walikuwa wale ambao hawajawahi kukanyaga shule.

"Niazime binti yako Chepchirchir," alimwambia Chepkosgei.

"Kwa siku ngapi?"

"Asubuhi moja. Atakaa, atahesabiwa, atarudi."

"Na ndama watachungwa na nani?"

"Nitakuletea kuni za wiki nzima."

"Wewe si ndiye uliyemfungia Mwalimu mlango?"

"Ndiye mimi. Nina uzoefu."

Alhamisi asubuhi chumba cha mabanzi kilijaa kama kanisa siku ya harusi. Walikuwepo wanafunzi kumi na saba wa kweli. Walikuwepo wachunga ndama, walezi wa watoto, na ndugu watano kutoka shamba jirani ambao hawakuelewa wameitiwa nini. Nyuma kabisa waliketi wanawake wawili walioolewa karibuni, wenye miili midogo, wakiinamisha vichwa. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga, akaambiwa amlaze chini ya benchi. Nekesa, kwa kuwa alikuwa darasa la nne, alisimama mbele akawafundisha wote kusema "Gudi moning, sa" mpaka mabati yakatetema. Nabalayo alisimama mlangoni, moyo wake umetulia.

Gari la afisa lilisikika likipanda kilima. Wakati huohuo Mwalimu Omolo akatokea akikimbia, yaani akikimbia kama anavyokimbia mtu mwenye homa, blanketi mabegani na barua ya afisa mkononi. Alichungulia ndani, akashika mwimo wa mlango.

"Mama Nekesa! Hawa ni nani?"

"Ni wanafunzi wako, Mwalimu. Tumekujazia. Zaidi ya nusu wapo."

"Nusu ya nini? Barua inasema watoto wasizidi nusu! Wasizidi! Darasa likiwa na zaidi ya ishirini na tatu linafungwa, kwa sababu ya msongamano. Sisi tulikuwa na kumi na saba. Nilikuwa nimelala nikimshukuru Mungu!"

Nabalayo alifungua kinywa, lakini gari lilikuwa limesimama.

Afisa alikuwa mzungu mrefu, mpole, kitambaa cheupe puani. Darasa lilimwamkia kwa nguvu zote. Alirudi hatua moja nyuma, kisha akaingia, akahesabu, akafungua rejista, akahesabu tena.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili cha mashambani, "hii kitabu nasema arobaini na sita. Mimi naona sitini na tatu. Shule ingine yote nagonjwa na homa, hapa watoto nazidi?"

Chini ya benchi la nyuma mtoto mchanga akapiga chafya. Afisa aliinama, akamtazama, akaandika sitini na nne.

Kabla ya saa nne mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na karatasi yenye mhuri imegongomelewa juu yake. Wiki tano. Shule ya Kwa Mashavu, ambayo ilikuwa salama kwa kukosa watu, ilifungwa kwa kupendwa mno.

Siku hiyo Nabalayo hakula. Nekesa aliketi karibu na moto akihesabu kwa vidole.

"Mama, mtihani ni baada ya wiki saba."

"Najua."

"Tukitoa tano, zinabaki mbili."

"Nekesa, hesabu hiyo hata mimi naiweza."

Kesho yake Kiprugut aliwaita watoto wote wazima waje na vikapu. Hata wale ambao hawakuwa wakichuma pareto sasa walichuma, kwa kuwa walikuwa wameshajionyesha kwamba wana nafasi. Mashavu alipita juu ya farasi, akaridhika sana na homa. Nabalayo alichuma mstari mmoja na binti yake na hakuweza kumtazama. Kila ua aliloliangusha kikapuni aliliona kama amelichuma kichwani mwa Nekesa.

Jumamosi alimbeba kuku kwapani akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta ameketi juani akinywa uji, amekonda.

"Nimekuja unitukane," alisema.

"Nilikuwa nimepanga kukutukana," Mwalimu alijibu, "lakini nikitukana nakohoa."

Nabalayo akakaa. Kuku akakaa pia. Kisha Nabalayo akauliza, "Ile karatasi ya mlangoni, imesema nini hasa? Nisomee neno kwa neno. Safari hii sitaki ya kusikia barazani."

Mwalimu aliikumbuka kwa moyo. Watoto wasikusanyike ndani ya jengo lolote kwa wiki tano, mpaka ugonjwa upungue.

"Ndani ya jengo," Nabalayo alirudia. "Na pareto iko ndani ya jengo gani?"

Mwalimu akaweka kikombe chini.

Jumatatu watoto tisa wa darasa la nne walipangwa kuchuma mistari inayopakana, nafasi ya hatua tatu kati ya mtoto na mtoto. Mwalimu Omolo, akijikongoja na fimbo, alitembea kati yao akiuliza hesabu na Kiingereza na majina ya mito. Walijibu bila kusimamisha mikono. Kiprugut alipokuja kulalamika kwamba vikapu vya watoto vitakuwa vyepesi, alikuta mama zao wanachuma kwa mikono yote miwili na kuvijazia. Chepkosgei naye alikuwa akijaza, ingawa alinung'unika mpaka jioni. Chepchirchir wake hakuwa darasa la nne wala darasa lolote, lakini alisogea mstari kwa mstari mpaka akafika karibu na Mwalimu, na alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kuulizwa.

"Vikapu vikitimia, mimi sijaona kitu," alisema Kiprugut. Kisha akashusha sauti. "Mwalimu, kwa hivyo 'haf' si nusu?"

"Haf ni nusu, mzee. Wewe ulisikia nusu ya barua tu."

Kufuli lilipofunguliwa, walikuja watoto sabini na mmoja. Wale walioazimwa kwa asubuhi moja walikataa kurudishwa. Ofisi ya elimu nayo ilikuwa imepata hesabu ya afisa na kuiamini kuliko ya Mwalimu, ikaleta vitabu vya watu sitini na wanne na ahadi ya mwalimu wa pili, mradi wazazi wajenge chumba. Mama mwenye mtoto mchanga alikipokea kitabu cha mwanawe kwa mikono miwili.

Katika mtihani, watoto watano kati ya tisa walifaulu, na Nekesa alikuwa wa nne. Mwezi wa Januari mama yake alimsindikiza mpaka stesheni ya Njoro pamoja na sanduku la bati, maana shule ya kati aliyopewa ilikuwa mbali, ya kulala hukohuko. Nabalayo alikuwa ameandaa maneno mengi tangu Krismasi. Treni ilipofika alisema tu, "Vaa sweta," na ilipoondoka alikuwa bado ameinua mkono hewani.

Walirudi kwa miguu yeye na Chepkosgei, matope mpaka vifundoni. Hawakuzungumza juu ya Nekesa. Waligombana njia nzima kuhusu nani atawapikia mafundi wa chumba kipya, na walipofika kambini walikuwa hawajapatana.