Shefu Alikuwa Anakula kwa Kila Mtu

Jumamosi iliyopita, ndugu yangu, nilimbeba paka wangu kwapani nikaenda kugombana na jirani. Niseme ukweli, hata nguvu ya kugombana sikuwa nayo. Wiki nzima nilikuwa nimesimama mbele ya watoto wa darasa la tatu, chaki imenikausha koo, kichwa kinagonga. Lakini daktari wa mifugo alikuwa amemwinua yule paka mara moja tu akamrudisha chini, kisha akaniangalia mimi kana kwamba ni mimi niliyekula chakula chote kile. "Mwalimu, huyu iko nakula wapi? Mafuta itamuua." Jamani! Kwangu anakula kidogo sana. Kwangu anakuja kulala. Anakula kwa watu, jioni ananirudia ananuka ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tumbo linafagia vumbi, na lawama napewa mimi.

Basi nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, nayarudia njiani kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya darasa. Nilipofika kwenye mlango wa mabati wa yule jirani, mkono umeshainuka kubisha, harufu ya ndagala kwenye mawese ikanipiga puani. Maneno yote yakanitoka kichwani. Nikamkumbuka koko.

Huku kwetu Baraka nyanya tunamwita koko. Wangu alikuwa mama yake mama, na ndiye aliyenilea. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, upande wa ziwani, na asubuhi tuliamshwa na mota za wavuvi wanaorudi na makelele ya wanawake wanaowapokea. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kabla ya shule na kutwanga sombe, majani ya muhogo, baada ya shule. Hadi leo nikisikia mchi unadunda kwenye kinu mahali fulani, mikono yangu inauma yenyewe. Kulikuwa na ua wa matete kati yetu na jirani, ua mfupi ambao mtu mzima aliweza kuzungumza juu yake bila kuinua sauti, na kuku, watoto na moshi vilipita humo bila kuuliza ruhusa.

Nyuma ya ua huo alikaa mwanamke mmoja aliyeanika ndagala na kuziuza sokoni. Sisi watoto tulimwita Mama Ndagala. Hakuwa mtu wa Baraka. Mume wake alipokufa, ndugu za mume walisema ni yeye aliyemwekea kitu kwenye chakula, wakamfukuza kijijini na sufuria moja na kitenge alichokuwa amevaa. Alipofika kwenye mtaa wetu watu walimsalimia kwa mbali. Koko ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye uwanja wake na kula ugali wake. Tangu hapo wakawa mtu na dada yake. Walisukana nywele, walienda kanisani pamoja, walinuniana Jumatatu na kucheka Jumanne.

Nikueleze kitu, maana bila hicho hutaelewa habari hii. Kwetu neno sumu linatembea haraka kuliko pikipiki. Mtu akiumwa tumbo, hawamuulizi anaumwa wapi, wanamuuliza alikula kwa nani. Ndiyo sababu mwenye nyumba akikuletea sahani au kikombe, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako. Watu wanasema ni heshima. Ni heshima, ndiyo, lakini pia ni woga uliovaa nguo za kanisani.

Sasa, paka wa koko. Koko alikuwa na shamba la karanga huko Lubondja kwa kaka zake, na mbegu alizitunza nyumbani, kwenye gunia lililoning'inia juu ya jiko ili moshi uzikaushe. Mbegu zile hatukuzigusa hata siku tulizolala na uji mtupu. Lakini panya walizigusa. Mama mmoja kutoka Swima akatuletea paka ndani ya kapu, koko akampa kuku jike, wakaachana kila mmoja anafikiri amemshinda mwenzake. Yule paka mwanzoni alikuwa mwembamba na mkali. Alikamata panya hadi tukapata usingizi. Tukamwita Shefu, yaani chifu, kwa sababu alikalia kiti cha koko na hakuondoka kwa mtu yeyote.

Jina hilo, nafikiri, ndilo lililomharibu. Alianza kuzunguka mtaa kama shefu kweli anayekagua watu wake. Asubuhi alipita kwa mzee fundi baiskeli, akapewa maganda ya ugali yaliyogandia sufuriani. Kutoka hapo alienda kwa mama wa kwaya, aliyempa maziwa ya unga, maziwa ambayo sisi watoto tuliyaona kwa macho tu! Mchana alilala chini ya wavu wa kuanikia wa Mama Ndagala, na kila alipofumbua jicho, ndagala moja ilimwangukia. Akanenepa. Shingo ikapotea. Akawa hapandi tena juu ya jiko, anatazama panya wakipita kwenye boriti kama mtu anayetazama mvua.

"Nimechoka na hii paka," koko alisema kila jioni, akilipapasa gunia kwa chini kusikia limepungua kiasi gani. Alikuwa mwanamke aliyechoka kwa mambo mengi, lakini uchovu wake wote aliupeleka kwa Shefu.

Siku moja alijifunga kitenge vizuri akapita nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake. Maneno yalikuwa yale yale. "Bandugu, naomba, musimupatie tena chakula. Akishiba hakamate panya, na mimi mbegu inaisha." Mzee fundi baiskeli akasema sawa, na mkono wake ulikuwa tayari unamtupia Shefu kipande. Mama wa kwaya akasema atamwombea. Mama Ndagala alicheka sana. "Dada, weye unaninyima mugeni wangu?" Wakacheka wote wawili, tukarudi nyumbani, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Siku chache baadaye mama wa kwaya alikuwa na sherehe ya ubatizo wa mjukuu. Mbuzi alichinjwa. Shefu hakualikwa, lakini alikuwa wa kwanza kufika. Alikula mafuta na matumbo hadi akashindwa kutembea, akajikokota hadi mlangoni kwetu, akaanza kutapika na kulia sauti ambayo sijaisikia tena. Na hapo hapo wakapita wanawake wanaotoka kuteka maji. Mmoja akatua ndoo yake.

"Yesu! Iko nakufa. Amekulia wapi?"

"Kila siku anakulaka kwa ule wa ndagala," mwingine akajibu.

"Na koko si alimukataza asimupe? Koko alijua kitu."

Koko alikuwa amepiga magoti anamfuta paka mdomo. Akainua kichwa, akasema hapana, ni mbuzi, paka amekula mbuzi wa ubatizo. Ndoo zilikuwa zimeshapanda vichwani. Kesho yake asubuhi Shefu aliamka mzima kabisa, ana njaa, anadai chakula. Lakini habari hiyo haikumpendeza mtu. Habari iliyokuwa tamu ilikuwa ile nyingine, na ilifika sokoni kabla yetu.

Nilikwenda sokoni na koko siku ile. Meza ya Mama Ndagala ilikuwa imejaa ndagala nzuri, kavu, zinang'aa, na watu walipita mbele yake kama wanapita mbele ya kidimbwi. Wanaonunua kwake kila siku walisimama kwa muuzaji wa pembeni. Yeye alikuwa amekaa wima, anafukuza nzi kwa kitambaa, hatazami mtu. Koko alipokaribia, alisema kwa sauti ndogo, "Rudia kwako, dada. Ungeniambia peke yangu." Jioni ile uani kwake hakukuwaka moto. Kesho yake niliona kwa matundu ya matete anakunja wavu wake wa kuanikia, anafunga vitu vyake kwenye kile kitenge cha zamani. Nilimwambia koko. Aliacha kuchambua maharage, akaniuliza Jumapili ni lini. Nikamwambia ni kesho.

Jumapili, kanisa lilipotoka, watu wote walipita njia yetu na nguo zao nzuri. Koko alikuwa ametangulia. Nilimkuta amekaa kwenye uwanja wa Mama Ndagala, kwenye mkeka, upande wa njia kabisa, na Shefu mapajani.

"Niko na njaa," alisema kwa sauti kubwa.

"Dada, enda. Bantu banaangalia."

"Njo sababu nimekuya. Baangalie."

Mama Ndagala alisimama pale muda mrefu sana. Watu njiani wakaanza kupunguza mwendo, mama wa kwaya akiwa mmoja wao, na mimi nilijua akiingia ndani na kufunga mlango, kesho hatakuwepo tena Baraka. Akaingia ndani. Akatoka na ugali na ndagala kwenye mawese, zilizobaki za jana. Akaweka sahani chini, akapiga goti, akanyoosha mkono aonje kwanza, kama inavyotakiwa. Koko akamshika mkono ule, akaurudisha kwenye goti la mwenyewe. Akakata ugali, akachovya, akala. Akala tena. Alikula taratibu, anatafuna na mifupa, bila kuonjewa, macho yake kwa watu wa njiani. Kisha akachukua ndagala moja nono na kumpa Shefu kwa mkono wake mwenyewe, koko yule yule aliyezunguka mtaa mzima kuomba paka asilishwe.

Mama Ndagala alilia huku amejifunika uso na kitenge. Mama wa kwaya akaingia uwanjani, hana hata aibu, akasema naye anasikia njaa. Jumatatu ndagala ziliuzwa. Mbegu za karanga, panya walizila zaidi ya nusu, tukapanda kipande kidogo tu mwaka ule, na koko hakumsemesha tena mtu habari ya paka. Nilimpenda sana siku ile. Sijawahi kumwambia.

Yote hayo hayapo. Vita vilitutawanya, wengine wakavuka ziwa, Mama Ndagala akiwa kati yao, na sijapata mtu wa kuniambia alifikia wapi. Koko tulimzika Lubondja. Shefu alibaki kwenye kiti chake siku tuliyokimbia, na kuhusu hilo naomba usiniulize. Niliporudi Baraka nilikuta matete yamekwisha, watu wamejenga kuta za matofali na milango ya mabati, na majirani zangu ni watu wapya, wengi walikimbia kutoka Burundi kama sisi tulivyokimbia kutoka hapa. Tunapungiana mkono. Nikikuambia paka wangu amekula kwenye kila nyumba ya mtaa huu, na mimi sijaingia hata moja, utasema natia chumvi. Sitii.

Nilibisha mlango. Akafungua mwanamke kijana, ana mtoto mgongoni, mwiko mkononi. Alimtazama paka kwapani mwangu, akaangalia uso wangu, na kabla sijafungua mdomo akarudi nyuma hatua moja.

"Mama mwalimu, naapa, sikumupa kitu mubaya. Ni ndagala tu. Ile ile tunakula na batoto."

Ndugu yangu, nilisikia aibu hadi miguuni. Nikamwambia hapana, paka ni mzima, ni mnono tu. Na nikasikia mdomo wangu unasema niko na njaa.

Alifurahi kupita kiasi, masikini. Akatandika mkeka, akamfukuza kuku, akaleta sahani inayotoa moshi, akaiweka mbele yangu. Akapiga goti, akanyoosha mkono ili aonje.

Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa pale, karibu kabisa na wake, na haukuinuka. Nilingoja. Akaonja, akameza, akanitazama, nami ndipo nikakata ugali.

Paka alikuwa ameshaanza kula.