Majani Yaliyokaushwa Juani

Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka nilimpoteza mume wangu, kwa homa ya siku mbili. Alikuwa akitibu vidonda hapa mtaani kwetu Mangateen kwa majani ya kichaka kinachoota kando ya mto. Yeye alichuma, mimi nilikausha na kutwanga. Niliishia darasa la nne, lakini kinu nakijua.

Wakati huo majani yake yalikuwa yakipimwa. Binti mmoja mtafiti, aliyekulia kambi ya wakimbizi Uganda kama sisi, alikuwa na panya weupe katika maabara, akitaka kujua kama majani hayo yanafunga vidonda kweli. Mume wangu alimpenda kwa sababu hakujifanya anajua.

"Daktari, panya wako wakipona watakushukuru?" alimtania.

"Wakining'ata kwa nguvu, mzee, nitajua wamepona."

Wiki tatu baada ya mazishi binti huyo alituma ujumbe: mfuko wa kwanza wa majani umekwisha, anaomba mwingine. Nikampelekea. Aliniketisha nione kipimo. Alikuwa na maji ya zambarau katika mirija ya kioo. Akitia maji ya majani na rangi ikawa manjano, alinieleza, basi jani lina kitu kinachosaidia mwili usiharibike. Majani ya mfuko wa kwanza yaliigeuza upesi. Tukangoja haya yangu. Zambarau ilichuja kidogo tu, ikakaa hivyo. Akarudia, ikawa vilevile.

"Malesh, mama," alisema taratibu. "Pole. Labda mfuko wa kwanza ndio ulionidanganya. Itabidi niandike kwamba nguvu yake si ya kutegemewa."

Mimi nilijua sababu. Siku zote tulikausha chini ya kitanda chetu. Jua mume wangu alilikataza kabisa. Lakini siku za matanga wanawake walilala chumba kizima mpaka chini ya kitanda, nami nikayaanika juu ya bati majani aliyoyachuma kabla hajaugua. Niliona yakibadilika rangi. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuulizwa kitu chochote na mtu yeyote.

"Haya niliyakausha juani," nikamwambia. "Yeye hakufanya hivyo hata siku moja. Kosa ni langu, si la majani yake."

Nilidhani atakasirika, maana nilikuwa nimempotezea kazi. Alivuta daftari lake karibu.

"Juani siku ngapi, mama? Na mzee alikuwa anafanyaje?"

Aliandika kila neno, hata kitanda. Sijapata kuona msomi akimsikiliza mtu wa kinu namna ile.

Nilikwenda mtoni kuchuma mengine, nikayakausha ndani siku tano. Haya yaliyageuza maji kuwa manjano nikiwa nimesimama pale. Ndipo zikaja siku za panya. Kila baada ya siku mbili aliweka karatasi ya nailoni juu ya kidonda alichomtia kila panya na kuchora ukingo wake, aone kimepungua kiasi gani. Mwishoni aliniita, akapanga michoro yote mezani. Panya waliopakwa majani yetu walifunga vidonda mapema kuliko wale wasiopakwa kitu. Waliopakwa dawa ya hospitali waliwatangulia wote.

"Mama, mimi nitaandika hivi hivi ilivyo," alisema.

"Andika."

Akaandika yote mawili, kwamba majani yanafunga vidonda na kwamba dawa ya hospitali inayashinda, akanisomea.