Magoti Getini

Alhamisi, tarehe kumi Aprili. Mvua ilianza kabla ya jogoo wa kwanza, ikakatika saa mbili asubuhi, na mawingu yakabaki yamekalia mwamba wa Tororo mpaka mchana. Njia yote ilikuwa tope.

Leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa tangu Jumatatu. Nataka kuiandika yote, na yale yasiyonipendeza pia, maana nikiyaacha najijua, baada ya mwezi nitaanza kuamini kwamba hayakutokea.

Mimi ni mpishi wa uji katika shule ndogo ya chekechea hapa Kwapa, upande wa Uganda. Huu ni mwaka wangu wa nne. Niliacha masomo kidato cha pili, na sitasema ni karo peke yake iliyonitoa. Karo ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini na mimi sikuwa na bidii. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwamba watoto wadogo wanakuja jikoni kwangu na kamasi zao na kesi zao zote, basi niende nikajifunze kuwafundisha Kiingereza.

"Ukipita, darasa la wadogo ni lako," alisema. "Usipopita, sufuria bado ni yako. Hutapoteza kitu."

Alisema kwa wema. Lakini mtu akishaonyeshwa mlango, hata sufuria aliyokuwa anaipenda inaanza kumwonea.

Mafunzo yalikuwa Busia, ng'ambo, upande wa Kenya, katika ukumbi wa kanisa, kila Jumamosi. Tulikuwa wanawake tupu, wengi wa ng'ambo, na wengi walinizidi masomo. Niliketi nyuma. Kazi tuliyokuwa tunafundishwa ni hii: kumpa Kiingereza mtoto ambaye nyumbani hakisikii. Katika darasa letu la wadogo kuna wanaosema Ateso, kuna wa Dhopadhola, kuna wa Kisamia, na wale ambao mama zao wanauza mpakani wana Kiswahili cha sokoni. Ukitafsiri kwa mmoja, umewaacha wengine nje. Kwa hiyo mkufunzi wetu alikataza kabisa kutafsiri. Mtoto aone kwanza, halafu afanye, ndipo aseme. Ukisema gusa kichwa, gusa chako. Ukisema kaa, kaa.

"Wewe ni kioo," alituambia. "Na kioo hakielezi."

Sikukubali yote. Nilijiuliza kama si vibaya kumfungia mtoto lugha ya mama yake mlangoni kama mbwa. Lakini nikakumbuka darasa la kwanza nililosoma mimi, mwalimu alikuwa anaeleza kila kitu kwa lugha ya kwao, na mimi niliyetoka lugha nyingine nilikaa nusu mwaka nikitazama ukuta. Kwa hiyo sijui. Naandika tu kwamba pande zote mbili zina neno.

Mwisho wa mafunzo kila mmoja alitakiwa afundishe somo moja shuleni kwake mbele ya mkaguzi. Mkaguzi wetu ni mzee mwenye mvi, katoka mbali huko ndani ya Kenya, na huku kwetu hajawahi kukaa. Zamu yangu ilikuwa Jumatatu.

Jumatatu nilianza vizuri kuliko nilivyotegemea. Somo lilikuwa viungo vya mwili. Watoto thelathini na mmoja, wamesimama, wananitazama. Nimegusa kichwa, wamegusa kichwa. Nimegusa masikio, wamegusa masikio. Mkaguzi alikuwa amechelewa kwa sababu ya tope, na mimi nikashukuru, nikajua nitapata moto kabla hajafika. Ndipo akaingia.

Sasa, mimi nimelelewa hapa. Akiingia mzee, magoti yangu hayaniulizi. Kabla sijafikiri nilikuwa chini sakafuni, mikono mapajani, nimeinamisha macho, namwambia "Good morning, sir" kwa ile sauti ndogo ambayo mama yangu alinifundisha.

Na watoto, ambao kwa wiki kadhaa, kwenye vipindi vyangu vya mazoezi, nilikuwa nimewazoeza kufanya kila ninachofanya, wakaanguka chini wote. Thelathini na mmoja. Wavulana nao! Huku kwetu mvulana hapigi magoti kumsalimu mtu, lakini siku hiyo walipiga, mikono mapajani, macho chini, na wote wakasema "Good morning, sir" kwa sauti yangu ile ile ndogo, kama wagonjwa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Sakafu yenyewe ilikuwa na tope la viatu vyao, nikaona soksi nyeupe na sketi zinaharibika, nikawaza mama zao watakavyonijia. Nikaruka nikasema, "Stand up! Stand up!" Wakaruka wote.

Mkaguzi alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akakaa nyuma, akaandika kwa muda mrefu. Baada ya hapo nadhani nilirudia kichwa na masikio, mengine siyakumbuki. Najua nilisahau magoti, yaani neno lenyewe la magoti, ambalo lilikuwa kwenye somo.

Kipindi kilipokwisha alinisomea fomu. Alikuwa ameandika kwamba mwalimu huyu ametumia mwili wake mwenyewe kufundisha kupiga magoti, kusalimu na kusimama, bila kutafsiri hata neno moja, na kwamba ni mbinu ya kupigiwa mfano. Chini aliandika kwamba nimepita.

Nikasema asante. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, ile asante.

Mwenzangu mmoja wa mafunzo, msichana wa ng'ambo ambaye alikuja kutazama somo langu kama nilivyotazama lake, alinifuata jikoni nikiwa nakoroga uji. Nikamwambia ukweli: ile haikuwa mbinu, ile ilikuwa salamu.

"Na nani amekuuliza?" akasema.

"Ameandika kitu ambacho hakikutokea."

"Kimetokea! Si watoto walipiga magoti? Si walisimama? Aki wewe mama, Mungu amekupa kwa mkono wake, sasa unataka kumrudishia umwambie hapana, hii si saizi yangu?"

Nilicheka, na hata sasa naona hakuwa mjinga. Watoto walijifunza kweli. Kesho yake mmoja wao alisema "stand up" kwa mbuzi. Ningeweza kunyamaza na nisingekuwa nimesema uongo wowote kwa mdomo wangu. Lakini nilikuwa nagawa uji, kikombe baada ya kikombe, na kila mtoto aliyenyoosha mkono nilimwona kama ananiuliza: wewe ni nani wetu sasa? Darasa lile nilikuwa ninalitaka sana. Labda ndiyo maana. Kitu ukikitaka sana hutaki kikae kwako kama cha kuazima.

Nikampata mkaguzi barazani akisubiri pikipiki. Safari hii nilijizuia nikabaki nimesimama, nikajiona kama mti.

"Sir, yale magoti. Sikuwa nafundisha. Nilikuwa nakusalimu."

Hakuelewa. Nikamweleza jinsi wanawake wa huku wanavyosalimu wazee.

"Na watoto?"

"Watoto waliniiga tu."

"Na 'stand up'?"

"Nilihofia soksi zao, sir. Zilikuwa nyeupe."

Hakucheka. Alitoa fomu mfukoni, akaifungua, akaisoma tena yote, halafu akauliza, "Kwa nini umeniambia?"

"Sijui. Ningejua, pengine ningekuwa nimenyamaza."

Akachukua kalamu akakata mistari ile minne ya sifa, mmoja mmoja, polepole. Akaangalia kilichobaki. "Nikiondoa hii, hapa kuna kichwa na masikio tu," alisema. "Na sauti ambayo nimeisikia kwa shida. Kwa hayo siwezi kukupitisha." Akafuta na lile neno la chini.

Kwa haki ni lazima niandike kwamba hakunionea. Kama angeniachia kwa huruma, ningebaki na kitu kile kile cha kuazima. Lakini siku hiyo sikuwaza hivyo. Siku hiyo nilimchukia mpaka aliponiambia, akiwa tayari amepanda pikipiki, "Alhamisi nitapita tena nikirudi. Somo lingine. Chagua kitu unachokijua."

Nyumbani nilimsimulia mama mkwe, ambaye tunaishi naye. Alikuwa anachambua mboga. Aliacha.

"Ngoja. Mgeni aliandika kwa kalamu kwamba magoti yako ni mazuri?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamkimbilia ukamwambia afute?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu aliniletea mke wa ajabu," aliiambia ile mboga. Halafu akageuka. "Alhamisi utamsalimu vipi?"

"Mwalimu anasimama, mama. Nikipiga magoti, watoto watapiga tena."

"Kwa hiyo ukishajua Kizungu, mzee ataingia na wewe umesimama kama polisi wa mpaka."

Nikamuuliza basi nifanyeje. Jumanne nilimuuliza tena. Jumatano jioni, nikiwa nimemkasirisha kwa kuuliza tena, alisema, "Kama magoti yanaharibu hicho Kizungu chako, basi yaache getini, kama watu wanavyoacha viatu!" Alisema kwa kunikomoa. Nikalala na neno hilo.

Leo asubuhi nilifika mapema. Somo nililochagua ni la kunawa mikono, kwa sababu nikisema kweli, ndicho kitu ninachokijua. Kila siku kabla ya uji nasimama na jagi na kuwaambia neno moja moja la Kiingereza nililookota kwenye mafunzo, dirty kwa mikono michafu, clean kwa mikono safi. Sikuwahi kuliita somo. Nilibeba beseni, jagi na vikombe vinane vya kuchotea maji nikavipanga darasani, nikawaacha watoto na mwenzangu yule wa ng'ambo aliyekuja kunitia moyo, nikaenda kusimama getini.

Pikipiki ilipofika nilipiga magoti hapo hapo, kwenye nyasi zilizolowa.

"Simama, mama, utalowa!" mkaguzi alisema, akahangaika ateremkie upande gani.

"Nakusalimu hapa, sir, kwa sababu ndani sitakusalimu hivi. Usinione sina adabu."

Alisimama akishika kofia ya pikipiki kwa mikono miwili. Kisha akajibu salamu yangu vizuri, bila haraka, kama mtu wa kwetu. Tukaingia.

Ndani nilisimama. Nilitaka kuanza kwa sauti kubwa kama nilivyofanya mazoezi njiani, nikavuta pumzi, na kabla sijatoa neno, mtoto mmoja wa mstari wa mbele, kasichana ambako tangu mwaka uanze hakajasema kitu darasani kwa lugha yoyote, kakanyoosha kidole kwenye miguu yangu.

"Teacher," kakasema. "Dirty!"

Nikatazama. Magoti yangu yote mawili yalikuwa matope mpaka kwenye ukingo wa gauni. Darasa zima likapokea: dirty, dirty, teacher dirty! Wengine wakasimama ili waone vizuri. Niliona aibu, na hapo hapo nikaona kitu kingine, kwamba hakuna aliyewaambia waseme. Hakukuwa na kioo. Walikuwa na jambo la kuniambia na wakatafuta neno, wakalipata.

Basi nikakaa kwenye kiti, nikavuta beseni, nikanawa magoti yangu mbele yao. Nikauliza kwa Kiingereza, safi? Wakasema hapana. Nikanawa tena. Safi? Bado! Walikuwa wakali kuliko mkaguzi. Halafu kila mmoja akaja na mikono yake, akasema mwenyewe kama ni safi au michafu, na mwenzake akambishia. Somo nililoandaa kwenye karatasi sikulifuata hata nusu, nami nilimwambia mkaguzi hivyo mwishoni kabla hajaniuliza. Nikamwambia pia kwamba neno lile watoto walilitoa jikoni.

"Najua," alisema. "Leo usinisaidie kufuta. Nimeona mwenyewe."

Kwenye fomu ameandika kwamba maandalizi yangu ni dhaifu, sauti bado ndogo, na niache kuwapa mgongo watoto wa upande wa dirisha. Yote ni kweli. Chini ameandika nimepita. Mwenzangu wa ng'ambo alipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Mwalimu mkuu alinipa mkono, akaniambia nianze Jumatatu, kisha akaniuliza nani sasa atapika uji. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nimesema nitapika mpaka apatikane mtu.

Sijui kama nitakuwa mwalimu mzuri. Mtu aliyepita kwa sababu ya tope asijisifu sana. Lakini fomu iko hapa chini ya daftari, na safari hii hakuna mstari uliokatwa.

Mama mkwe hakuuliza kama nimepita. Aliangalia gauni langu, akaona ukingo wake, akasema, "Ulimsalimu." Nikasema ndiyo. Akaenda mwenyewe kusonga ugali, jambo ambalo halifanyi nikiwa nyumbani. Tumekula ugali wa muhogo na ulezi, mukene, yaani dagaa, wa kukaanga na nyanya, na kunde zilizobaki jana. Nilipewa ukoko, ambao siku zote ni wake.