Neno la Mama Bomba

Mtaani walimwita Mama Bomba kwa sababu ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba la maji tangu ujana wake, na hakuwahi kumpendelea mtu kwenye foleni, hata dada yake wa tumbo moja. Ugonjwa wa kikohozi ulipoingia, gari la matangazo lilipita likihimiza watu wakae mbali mbali, wakalicheka. Waliolituma ndio haohao waliowabomolea vibanda. Lakini Mama Bomba aliposema, "Asiyefunika mdomo hateki," hakuna aliyebisha.

Afisa wa afya akamfuata. Watu wanaficha wagonjwa, alimwambia. Wakikusikia wewe watawatoa. Watatibiwa vizuri, na ndugu watapewa habari.

Basi akaenda kwa seremala, jirani wa ukuta kwa ukuta waliyezoea kuitana shemeji, ambaye mkewe alikuwa akikohoa nyuma ya pazia.

"Shemeji, serikali siiamini," seremala alisema. "Nakuamini wewe. Atarudi?"

"Atarudi, shemeji."

Akamvalisha mgonjwa viatu kwa mikono yake, akampandisha garini.

Habari haikuja. Seremala alikwenda hospitali, akaishia getini. Alipokuja kuambiwa, mkewe alikwishazikwa na watu asiowajua, na kaburi hakuna wa kumwonyesha. Yeye aliyewachongea wengine majeneza hakuombwa hata ubao. Mama Bomba alimpigia afisa simu mpaka akachoka.

Asubuhi seremala alifika bombani, watu wamejaa. Hakupaza sauti.

"Ulisema atarudi."

"Ndivyo walivyoniambia, shemeji."

"Wao hawakuniambia kitu. Niliambiwa na wewe."

Akavua barakoa, akaidondosha kwenye matope. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akavua yake. Kisha foleni nzima.

Tangu hapo waliteka maji wamebanana makusudi. Mama Bomba akiwasihi waachiane nafasi, walimkoholea kwa mzaha, wakacheka. Haukupita muda, kikohozi kikawa si mzaha tena. Alibisha hodi nyumba hadi nyumba. Akajibiwa, "Hapa hakuna mgonjwa," huku mgonjwa akisikika chumbani akitafuta pumzi. Seremala alifia kitandani, mlango umekomewa kwa ndani.

Homa ilipomshika Mama Bomba mwenyewe, mumewe alichukua simu aite gari. Mkewe akamkamata mkono.

"Usiwaite."

"Mke wangu, si wewe uliyekuwa ukiwahimiza watu?"

"Ndiyo. Funga mlango."

Mumewe akaufunga. Ulifunguliwa kutoa maiti, na waliokuja kuibeba hawakufunika midomo.