Nyimbo za Matangazo za Bibi wa Kijapani

Mwaka wangu wa pili wa kazi Dubai, familia ya Kijapani niliyokuwa naifanyia kazi ilimleta bibi yao kutoka kwao. Tulikaa ghorofa ya tisa, Jumeirah Village Circle: sir, ambaye alikuwa mhandisi, madam mkewe, na mimi katika kachumba kando ya jiko. Bibi alikuwa mama yake sir, mjane wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe alizokata kama mvulana. Madam aliniambia, "Kazi yako kubwa sasa ni yeye. Usimwache akae kimya mchana kutwa."

Alijisumbua bure kunionya. Bibi hakukaa kimya hata siku moja.

Tatizo letu lilikuwa lugha. Kiingereza chake kilikuwa maneno kama kumi, na mimi Kijapani sikujua hata salamu. Siku ya tatu nilikuwa nakatakata karoti za mchuzi wao wa kari. Bibi akaja na mwiko, akasimama katikati ya jiko, akaimba. Wimbo ulikuwa mfupi mno, ulikwisha kabla sijaweka kisu chini. Akaunyoosha mwiko kwenye sufuria, akainama kama msanii jukwaani. Nilicheka, naye akaona nimependa, akauimba tena na tena mpaka karoti zikaiva.

Madam aliporudi kutoka kazini nikamuuliza.

"Ni tangazo la televisheni la zamani sana, la unga wa kari," alisema. "Alipoolewa, nyumba yao ilikuwa ya kwanza mtaani kuwa na televisheni. Majirani walikuwa wanajaa sebuleni. Vipindi amevisahau, lakini matangazo yote anayo kichwani."

Basi tukaanza. Wimbo wa sabuni aliuimba huku akijisugua mikono hewani. Wa dawa ya mbu ulikuwa na kofi katikati, na kofi lenyewe alinipiga mimi begani. Wa peremende aliuimba mashavu yamevimba. Nami sikutaka kudaiwa, nikamfundisha matangazo ya redio niliyokua nayo Tanga. Alilipenda moja la sabuni ya kipande, "Povu, mama, povu, povu hadi shingoni." Tulikuwa tunazunguka bustani ya pale chini kabla jua halijawa kali, yeye mbele na kofia yake, akipaza sauti, "Pofu, mama, pofu." Dada mmoja Mkenya aliyekuwa amekaa kwenye benchi alinishika mkono.

"Huyu shosho amefunzwa Kiswahili na nani?"

"Na sabuni," nikamjibu.

Lakini kulikuwa na wimbo mmoja wa taratibu. Huo Bibi hakuufanyia ishara yoyote. Aliuimba akikunja nguo, macho ameyafumba, na mwishoni alishusha pumzi ndefu, "Haaa," kama mtu aliyetua mzigo. Nilipomuuliza kwa ishara ni wa nini, alifunika mdomo kwa kiganja, akatazama pembeni. Nikajua nimegusa jambo zito. Nikaamua moyoni kwamba huo ni wimbo wa maombi, na sikumuuliza tena wala sikumsumbua madam.

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilikwenda kanisani, na mchana tulifanya mazoezi ya kwaya mtaa wa Discovery Gardens, katika chumba cha akina dada sita, Watanzania na Waganda. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Mganda, mlinzi wa jengo la maduka, mtu wa suti hata kwenye joto la Julai. Siku moja nikiosha vikombe huku nikiuimba chinichini ule wimbo wa taratibu, alinyamazisha chumba kizima.

"Dada, huo umeutoa wapi?"

"Kwa Bibi wangu wa kazini. Nadhani ni wa maombi."

"Inasikika," alisema. "Sauti hii imeliliwa. Tuitie maneno."

Maneno tuliyaandika palepale: "Kilichofungwa ndani yangu, Bwana, kifungue, mzigo wangu ushuke, niondoke na amani." Ile "Haaa" ya mwisho akaigawa kwa sauti nne. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba dada mmoja alitoka nje kwenda kulia.

Tulipokaribia kuuimba kanisani nikamwomba madam aje na Bibi. Nilitaka Bibi ajue kwamba wimbo wake tumeuheshimu. Walikuja, wakakaa safu ya tatu, Bibi amevaa koti lake la kijivu.

Mstari wa kwanza, Bibi akaketi wima. Wa pili, akamshika madam mkono. Wa tatu, madam akainama mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele, mabega yakitikisika. Mwalimu wa kwaya aliona roho zimeguswa, akatuashiria turudie kiitikio. Tulikirudia mara nne. Kwenye "Haaa" ya mwisho Bibi alishusha pumzi pamoja nasi, kwa sauti kuu, machozi yanatiririka. Mama aliyekaa kando yake akampa kitambaa.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, madam alijaribu kusema mara mbili ndipo akaweza.

"Unajua mlichoimba?"

"Maombi ya Bibi."

"Ni tangazo la dawa ya kufungua choo."

Niligeuka nitazame nani amesikia. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama nyuma yangu, lakini hakusikia vizuri. "Madam amesema nini?" akauliza kwa Kiswahili, na ikabidi nimwambie. Alifungua jalada lake polepole, akasoma maneno kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, hadi "niondoke na amani." Halafu akakaa kwenye ukingo wa barabara na suti yake yote, akacheka hadi akalegeza tai. Kwaya nzima ikaanguka pale. Watu waliokuwa wakitoka ibadani walidhani tumepatwa na jambo.

Bibi alipopata pumzi alimwambia madam kitu, naye akatutafsiria. Marehemu mumewe alikuwa akimwimbia wimbo ule kila asubuhi, akiwa chooni, mlango umefungwa, ili amchekeshe Bibi aliyekuwa jikoni akipika. Tangu afe, Bibi hakuwahi kuusikia kwa sauti ya mtu mwingine. Leo ameusikia kwa watu ishirini. Kisha akatuinamia, chini kabisa, na sisi bila kujua la kufanya tukamwinamia pia.

"Wimbo hauna kosa," mwalimu alisema. "Tutaendelea nao. Ila ile pumzi ya mwisho tuiondoe."

Sauti ya kwanza walikataa katakata. Pumzi ikabaki.

Ijumaa iliyofuata Bibi alidai kuja mazoezini. Alipanda kitanda cha ghorofa, kile cha chini, katika chumba kile cha dada sita, akala chapati mbili, akaamuru tujipange. Siku hiyo alitufundisha ule wa dawa ya mbu. Mwalimu wetu alisimama mbele na suti yake, akapokea kofi la begani bila kupepesa macho, akahesabu, "Moja, mbili, yalla," na sote tukaanza kupigana makofi.