Fimbo Kati Yangu na Mama Mkwe

Zamani, kabla magoti yangu hayajaanza kulia kama mlango, nilikuwa mbeba magunia pale Moi's Bridge. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Barasa, ambaye alikuwa anakula ugali wa watu watatu halafu anauliza chakula kitaletwa saa ngapi. Barasa huyo hakuogopa kitu. Nyoka akiingia kwa ghala, sisi wote tuko juu ya magunia, yeye anamshika mkia kama mtu anayeokota kamba. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kupanda juu, na nasema hivyo bila haya. Hata bata mimi humzunguka.

Siku moja lori la mahindi lilikuwa linaenda Mbale, kule Uganda, na wa kushusha mizigo akakosekana. Barasa akaniambia, "Twende bana, tuone nchi ya wenyewe." Nikaenda nikitetemeka. Kufika huko, Barasa akapata ndizi za kupika, na kwake hiyo ilitosha. Mimi nikampata msichana aliyekuwa anaziuza hizo ndizi, jina lake Khainza. Ndiye mke wangu mpaka leo. Na ukioa Uganda, una mama mkwe Uganda, na safari ninayotaka kuwasimulia imetoka kwa huyo mama mkwe. Barasa nimemaliza naye, alinunua shamba huko Ndalu na ninasikia bado anakula.

Sasa, kwa wale wasiojua. Sisi Wabukusu, na hao ndugu zetu Wamasaba walio upande wa pili wa Mlima Elgon, mwanaume hashikani mikono na mama mkwe wake. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anatoka njiani. Si uadui, ni heshima. Kwa hiyo miaka hiyo yote mama mkwe nilimjua kwa sauti, na yeye alinijua kwa kikohozi.

Simu ilipigwa nikiwa kwangu Tuwan, hapa Kitale, ninafunga mlango wa kuku. Alikuwa Mafabi, kaka ya mke wangu, tukamsikiliza wote wawili. Alisema mama yao haoni tena. Mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili, na madaktari wa macho wanakuja kwa siku chache katika hospitali iliyo karibu na kwao, wanapasua bila malipo. Lakini mama amekataa kwenda.

"Amekataa kwa nini?" mke wangu akauliza.

"Ebola," Mafabi akasema. "Amesikia kwa redio imetokea mahali. Anasema hospitali ndiko watu wanaipata. Na daktari alisema akingoja sana, hayo macho hayatafunguka tena."

"Mpe simu niongee naye."

"Si unamjua? Anasema haongei na kibati. Anataka kusikia mtu wa Kenya kwa mdomo wake."

Mke wangu akaanza kutafuta viatu. Mimi nikakaa chini. Redio yetu pia ilikuwa imesema. Tuliambiwa tusisalimiane kwa mikono, tusikumbatiane, tusiguse mgonjwa wala maiti, na asiye na lazima ya kuvuka mpaka abaki kwao. Nikamwambia, "Mama Nekesa, ukifika pale utamkumbatia mama yako."

"Nitamkumbatia, ndio."

"Na dada zake. Na wale wa kanisa. Na yule jirani wa kulia ovyo."

Akasimama na kiatu kimoja mkononi. Alifikiri. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa karibu na mimi.

"Baba Nekesa," akasema, "kwa ukoo wote huu, ni nani asiyeruhusiwa kumgusa mama yangu?"

Mimi nilijua jibu na sikulipenda.

Asubuhi yake jirani yetu Kamau alikuwa anapeleka viazi Bungoma, na kurudi angepitia soko la Chwele kuchukua vitunguu. Kamau ni mtu wa kutoka Nyeri, lakini amezaliwa hapa hapa Trans-Nzoia na anatukana kwa Kibukusu kutushinda. Aliniweka mbele kwa pikapu yake.

"Mzee, unaenda kweli?"

"Bado naamua."

"Unaamua na tumeshapita Kiminini?"

"Nikifika Bungoma nitajua."

"Sawa. Lakini ukirudi na hiyo kitu, salamu zako nitazisikia kutoka upande ule wa barabara."

Nilimwambia hiyo haikuwa na shida, mimi nimezoea watu wa kuniangalia kutoka mbali. Kamau aliongea juu ya bei ya viazi kutoka Kamukuywa mpaka Kimilili na sikumsikia hata kidogo. Nilikuwa ninajihesabia joto la mwili kwa mkono.

Bungoma anakaa msichana wetu wa kwanza, Nekesa. Anafanya kazi ya serikali katika ofisi ya afya, kwa hiyo nilijua atanikataza, nami nirudi nyumbani nikisema ni Nekesa amekataza. Hii ndiyo ilikuwa mipango yangu, ya siri. Nilimkuta ofisini, nikaweka shauri mbele yake, nikangoja.

"Baba, ugonjwa uko wilaya gani?" akaniuliza.

"Uganda."

"Uganda si boma, Baba. Uganda ni nchi." Akachukua simu, akamuuliza mwenzake, akanionyesha kwa kidole mezani kama ramani. Walio na ugonjwa walikuwa mbali, upande mwingine kabisa, siku nzima kwa gari. Kwa bibi hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. "Mpaka haujafungwa. Ungekuwa unaenda matanga ningekunyang'anya viatu. Ungekuwa unaenda kutembea tu, vivyo hivyo. Lakini bibi atabaki kipofu, na mwaka ujao hao madaktari hatujui kama watarudi."

"Kwa hiyo unasema niende?"

"Ninasema usiguse mtu, unawe mikono, na ukirudi ukae kwa boma wiki tatu. Ukisikia homa unipigie mimi kabla ya mtu mwingine. Kwenda, hiyo utaamua wewe."

Mnaona watoto wa siku hizi? Unamtuma shule ili akusaidie kuogopa, anakurudishia uoga wako mkononi. Akanipa barakoa na chupa ya dawa ya mikono, nikatoka nje. Kamau alikuwa anangoja, injini inanguruma.

"Tunarudi?" akauliza.

"Hapana," nikasema. Na nikashangaa, maana sikuwa nimesikia huo uamuzi ukiingia.

Kamau alinishusha Chwele, nikamalizia na matatu mpaka Lwakhakha, mpaka mdogo, mto na daraja, na akina mama wa kuuza mandazi pande zote mbili. Siku hiyo kulikuwa na mapipa ya maji na sabuni, na kijana mwenye glavu akielekeza kile kidude cha joto kwenye vipaji vya nyuso za watu. Kwangu alirudia mara mbili.

"Kuna shida?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imepanda kama ya jogoo mchanga.

"Uko baridi, mzee. Baridi sana. Unaogopa?"

"Sana."

"Pita."

Mafabi alinichukua na pikipiki upande wa pili. Mulembe, mulembe, tukasalimiana kwa viwiko, tukaona aibu, tukaanza safari ya kupanda kati ya migomba na kahawa.

Jioni, jua likiwa bado liko, niliwekewa kiti nje ya nyumba ya mama mkwe, upande wa ukuta ambao hauna dirisha, kama desturi inavyotaka. Yeye alikaa ndani. Nikakohoa.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. Ana miaka mingi sana lakini sauti yake bado inaweza kufukuza ng'ombe kwa shamba. "Khainza yuko wapi?"

"Amebaki, mama. Angekukumbatia."

"Kwa hivyo wameniletea wewe."

"Wamekuletea mimi."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya Nekesa, wilaya na ramani, lakini yote yalikuwa yamebaki kwa daraja.

"Mkwe wangu, uliogopa kuja?"

Ningesema nini? "Niliogopa, mama. Niliogopa Kitale, nikaogopa Bungoma. Pale kwa mto niliogopa mpaka yule kijana akanipima mara mbili."

"Na ulikuja?"

"Niliuliza ugonjwa uko wapi, nikaambiwa. Nikauliza unashikwaje, nikaambiwa. Nimenawa mpaka ngozi imetaka kutoka. Na nimekaa mbali na watu."

"Mbali!" Akacheka, kiti chake nilikisikia kikicheza. "Wewe umekaa mbali na mimi tangu ulipomchukua mtoto wangu. Wewe mtu wa kuogopa bata! Khainza aliniambia hiyo ya bata." Akasafisha koo. "Basi sikilizeni hapo nje. Kama huyu mwoga amevuka mto, mimi nitashindwaje kuvuka barabara? Mafabi! Kesho niandalie ile gauni ya bluu."

Asubuhi tulifika kwa lango la hospitali, mama mkwe ndani ya gari la jirani, Mafabi naye, mimi nyuma na pikipiki ya kukodi. Hapo ndipo mambo yaligeuka. Kwa sababu ya ugonjwa, kila mgonjwa aliruhusiwa mtu mmoja tu wa kumsindikiza, na wote wapimwe. Wakampima Mafabi. Kidude kikalia.

Nesi alirudi nyuma. "Una homa. Utakaa kwa ile hema, upimwe damu."

Mimi nikarudi nyuma kumshinda. Jana nilikuwa nimepanda pikipiki nyuma ya huyu mtu, na tukala pamoja, bakuli tofauti, lakini meza moja. Mafabi aliniangalia kwa macho ya mtu anayeomba msamaha, akaenda hemani. Mama mkwe akabaki amesimama kwenye gauni la bluu, mkono mmoja kwa fimbo, akigeuza kichwa huku na huku.

"Nani anaingia na huyu mama?" nesi akauliza. "Wewe mzee?"

"Mimi siwezi. Mimi ni mkwe."

"Mwana?"

"Mkwe! Nimeoa mtoto wake!"

Nesi alikuwa wa pale pale, akaelewa, akaweka mkono kwa mdomo. "Sasa itakuwaje? Foleni inaisha. Asipoingia sasa, basi, maana leo ndiyo siku ya mwisho ya hao madaktari."

Mama mkwe, bila kugeuka upande wangu, akanyoosha fimbo yake. Akanyoosha tu, ncha yake ikaelekea hewani. Nikaangalia ile ncha. Nikapaka mikono dawa ya Nekesa, nikaishika.

Hivyo ndivyo tulivyoingia. Mimi mbele, yeye nyuma, fimbo kati yetu. Nikisema "ngazi", anainua mguu. Nikisema "kushoto", anakwenda kushoto. Watu kwa foleni walitupisha. Daktari mmoja alisimama na faili yake akatuangalia, akamwambia nesi, "Hawa ndio wameelewa maagizo kuliko sisi."

"Wamekuwa wakiyafuata miaka mingi," nesi akajibu.

Jicho la kulia ndilo lilipasuliwa siku hiyo, la kushoto likaachwa mpaka hao madaktari watakaporudi. Nililala kwenye benchi ya veranda. Nilikuwa najiuliza kama homa ya Mafabi ndiyo hiyo tunayoiogopa, na kama nimefanya ujinga. Lakini niligundua kitu, nitawaambia kwa vile mmenisikiliza mpaka hapa. Nilidhani mtu huamua kwenda akishamaliza kuogopa. Si hivyo. Unauliza maswali kwa wanaojua, na uoga unauchukua pamoja na barakoa, vyote mfuko mmoja. Na majibu yakisema baki, unabaki, mke akikutukana unabaki. Yangu yalisema nenda, ukae mbali. Kukaa mbali ndiyo kazi pekee niliyosomea.

Kulipokucha Mafabi alikuja anatembea, amevimba uso kwa usingizi, na karatasi ya maabara mkononi. Malaria. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbatia nguzo ya veranda. Wakampa dawa na wakamruhusu kuingia.

Nesi akaja na sinia ndogo. "Mama, sasa natoa bandeji. Mzee, sogea hapa mbele, uwe mtu wa kwanza kuonwa."

Bandeji ikaanza kuzunguka kutoka kichwani. Nikafikiri, huyu mama sasa ataona. Hajawahi kuniona uso wangu, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake, chumba kimoja, kama mtu asiye na adabu. Nikaegemeza fimbo kwa kitanda, taratibu, upande wa mkono wake. Nikageuka.

"Mzee, unaenda wapi?" nesi akaita. "Si ungoje?"

Nilipita veranda, nikaingia uani. Nyuma yangu nikasikia ile sauti ya kufukuza ng'ombe.

"Mafabi! Yule anayetembea upesi, mwenye koti ya kahawia. Ndiye yeye?"

"Ndiye, mama."

"Kumbe ana kipara!"

Wodi nzima ikacheka. Niliinua mkono bila kugeuka, nikatoka langoni, nikashuka mpaka Lwakhakha, nikapimwa, nikavuka, nikamaliza zile wiki tatu za Nekesa bila kutoka kwa boma. Sasa ni Khainza ndiye huenda. Mimi huko sijakanyaga tena.