Jina la Mjerumani, Makaa ya Baba Yangu

Majina yote nayakumbuka. Sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kila jina ilibidi niliweke kichwani. Nawakumbuka wakunga walionizalisha, wote waliokuja harusini kwangu, hata mbuzi wa mama mkwe. Lakini hapa sitamtaja mtu. Walio hai hawakunituma, na waliokufa nimewasumbua vya kutosha. Nitataja jina moja tu, nalo kwa asili si letu. Ni Köhler. Sisi tunalitamka Kola.

Aliyelileta ni babu yake mume wangu. Kabla ya vita vya kwanza alitoka kwetu Taita, akavuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani, akapata kazi ya upishi katika shamba la mkonge la mzungu mwenye jina hilo. Wafanyakazi wa kila shamba waliitwa kwa jina la bwana wao: huyu wa Kola, na yule wa Kola. Vita vilipokwisha mzungu akaenda zake, mpishi akarudi nyumbani na jina kama koti kuukuu la kupewa. Serikali ilipoanza kuandikisha vipande, vile vitambulisho vya wakati wa mkoloni, karani alimuuliza jina la ukoo, akalitaja hilo, akamwonyesha lilivyoandikwa kwenye barua ya mzungu. Wanawe wakakua wakiamini ni jina la wakubwa. Mama mkwe alisema maana yake ni chifu. Nani angembishia, na Mjerumani mwenyewe hayupo?

Baba yangu alikuwa mchoma makaa. Alipanga magogo chini, akayafunika kwa nyasi kisha udongo, akawasha, halafu akakaa hapo siku nyingi akiuangalia moshi. Ukiwa mweupe na mzito, bado. Ukigeuka wa bluu na mwembamba, yameiva. Udongo ukipasuka nawe umesinzia, unaamkia majivu. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kukaa peke yake porini, mweusi kwa masizi, na watu walimnunulia makaa yake lakini hawakumkaribisha ndani. Siku ya harusi yangu alikalishwa nje karibu na ghala, na alipoinuka mama mkwe alikifuta kile kiti mbele ya watu.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la baba mzaa baba, na wa pili la baba mzaa mama. Bibi humpakata mtoto, akamnong'oneza jina sikioni, basi, ameshaitwa. Wangu wa pili alipozaliwa nilijua zamu ni ya baba. Yeye pia alijua, alikuja na jogoo. Mama mkwe akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasema mjukuu wake hataitwa masizi. Akamnong'oneza jina la kanisani, akamalizia na hilo la Mjerumani. Baba alikuwa hapo nje dirishani. Alisikia. Alimwacha jogoo, akaenda zake.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu, ndivyo nilivyojiambia. Lakini hata mama mkwe alipokufa, na mume wangu baada yake, niliendelea kunyamaza. Watoto wakiniuliza babu yao alikuwa nani, nilisema mkulima.

Huku Doha niliitwa na binti yangu. Ni muuguzi, anakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na alipojifungua hakuwa na wa kumwachia mtoto. Yule mwanangu wa pili alikuwa ametangulia kuja. Alikuwa mlinzi, akilala kambini Sanaya, huko kwenye viwanda, watu sita chumba kimoja. Wenzake walimwita Mjerumani. Basi la kampuni likichelewa walimwambia, "Mjerumani, pigia ndugu zako simu watuletee gari." Naye aliwajibu kuwa ndugu zake hawabebi watu wasiooga.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikuja kwetu na nyama na mfuko wa makaa. Msimamizi wa jengo, Mganda mmoja mpole, alituruhusu kuchoma nyama juu ya paa. Mwanangu hakuwasha makaa hivihivi. Alichukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio, kinacholia kama kigae akakiweka chini, kilicho bubu akakiweka kando. Hakuna aliyemfundisha. Baba yangu alifanya hivyo hivyo, hata kichwa aliinamisha upande uleule. Mimi niliketi pale na mjukuu mapajani, nikamtazama.

Ijumaa moja aliniuliza. Kazini kwake mtu alimtaka aeleze maana ya jina lake.

"Mama, hili Kola ni nini hasa?"

Nikamwambia wanasema ni chifu. Akacheka, akasema chifu gani anafungulia watu geti. Kisha akanitazama.

"Na upande wako je? Babu yule wa kwenu alikuwa nani?"

"Mkulima," nikasema.

Akaendelea kugeuza nyama.

Haikupita miezi miwili. Alirudi kutoka zamu, akalala, wenzake walipomwamsha hakuamka. Madaktari walisema ni moyo. Hakuwa amelalamika hata kichwa.

Tulikaa matanga katika sebule ya binti yangu tukingoja karatasi za kumsafirisha. Walinzi wenzake walikuja kwa zamu, wengine bado na sare. Siku ya tatu akaja mama mmoja Mjerumani, mtu mzima, anayefanya kazi na binti yangu hospitalini. Alileta keki aliyoioka mwenyewe. Akaketi, akaitazama ile picha ya marehemu tuliyoiweka mezani na jina lake chini, akauliza kwa sauti ndogo tulilipata wapi jina hilo. Binti yangu akamweleza habari za mpishi. Yule mama akasema kwao ni jina la kawaida kabisa, kila mji una watu wenye jina hilo, hata shuleni kwao walikuwemo wawili darasa moja. Ni jina la kazi, akasema. Zamani watu waliitwa kwa kazi zao, na majina yalipoandikwa yakaganda hapo hapo. Kisha akaanza kueleza kwa mikono: kuni zinapangwa hivi, juu nyasi, juu udongo, mtu anakaa msituni siku nyingi akiangalia moshi. Kiingereza chake sikukielewa. Mikono niliielewa kabla binti yangu hajafungua mdomo.

"Mama," akasema, na aliona haya mbele ya wageni, "anasema ni mchoma makaa. Anasema walikuwa watu wa kudharauliwa."

Nilimwomba mgeni arudie ile mikono. Akarudia. Ndipo nikamweleza binti yangu babu yake alikuwa nani, na jogoo, na kiti kilichofutwa, yote, mbele ya walinzi na yule mama. Binti yangu alilia. Aliniuliza kwa nini sikumwambia kaka yake.

Jioni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alipiga simu kutoka nyumbani. Fundi wa msalaba alikuwa anangoja maandishi. Akanisomea: jina la kanisani, kisha Kola. Nikamwambia aongeze jina la baba yangu katikati.

"Shemeji," akasema, "unataka mchoma makaa kwenye msalaba wetu?"

"Yumo tayari. Mmemwandika wenyewe tangu babu yenu."

Nikampa binti yangu simu amweleze vizuri. Kisha shemeji alitaka nimtajie jina la baba yangu polepole, ili fundi asikosee. Miaka yote hiyo hakuwahi kulijua.

Karatasi zilipokamilika tulipelekwa kumwona kabla sanduku halijafungwa. Chumba kilikuwa na baridi kali, na mhudumu alitupa dakika chache. Nilikuwa nimepanga kumweleza mambo mengi: kwamba nilimdanganya, kwamba mikono yake ilikuwa ya babu yake, kwamba kumbe jina alilopewa ili asiitwe masizi ndilo lililombeba mzee wangu siku zote, na mimi mwenyewe sikujua. Dakika hazikutosha. Niliinama tu, nikamnong'oneza sikioni lile jina la baba yangu ambalo lilikuwa lake tangu azaliwe.

Sikio lilikuwa baridi. Mhudumu akasema samahani, mama, akaleta kifuniko.